Fimbo Nambari Kumi na Saba

Seline Akello alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango la Shule ya Msingi Kowiti saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Alitazama saa mara mbili, kwa maana alikuwa mtu wa kutazama saa mara mbili. Begani alining'iniza mkoba wa turubai, na ndani yake mlikuwa na mita ya kupimia ardhi, vigingi vinne vya chuma, nyundo ndogo na daftari la kurasa mia mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Apime, aandike, arudi Kisumu kabla ya mvua.

Hivyo ndivyo alivyojiambia njia nzima tangu Mamboleo.

Nyuma yake ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati kuukuu. Mbele yake, juu ya vilima vya upande wa Sondu, mawingu yalikuwa yamepandana mpaka yakafanya tambarare juu kama fuawe la mhunzi. Mara kwa mara yaliwaka kwa ndani, bila sauti. Mbali bado, alihesabu. Ngurumo isiyosikika maana yake ni zaidi ya kilomita ishirini.

Kwa miaka miwili tangu amalize chuo kikuu, Akello alikuwa akifanya kazi kwa Gordon, mwenye karakana ya kutengeneza kinga za radi huko Mamboleo, pembezoni mwa Kisumu. Kinga yenyewe si kitu kigumu kueleza. Juu ya paa unasimamisha ncha ya shaba. Kutoka kwenye ncha unateremsha waya wa shaba ukutani. Chini unafukia fimbo ya shaba, ndefu kuliko mtu. Radi ikija hushika ncha, ikateremka kwenye waya, ikazama ardhini kupitia ile fimbo, na walio ndani ya nyumba wakabaki salama. Mafundi wa Gordon ndio waliofukia. Kazi ya Akello ilikuwa kupima, na kutia sahihi.

Januari alikuja hapa Kowiti. Aliikwangua fimbo kwa tupa kabla haijafukiwa: nambari 17, na alama tatu chini yake, kama alivyozoea. Akapima. Omu tatu nukta nane. Omu ni kipimo cha jinsi ardhi inavyoupinga umeme; chochote chini ya kumi ni salama. Akaandika jina lake kwenye kibati, nao mafundi wakakipigilia kwenye ukuta wa jiko.

Siku tisa zilizopita, mchana, radi ilipiga jiko la shule ile ile. Mpishi, Maximilla, alikuwa amesimama mlangoni na mfuniko wa sufuria mkononi. Alikufa akiwa wima, wakasema, kisha ndipo akaanguka.

Tangu siku hiyo Akello hakuwa na swali lingine. Asubuhi akipiga mswaki, jioni akikaanga yai, lilikuwa lile lile. *Je, nilikosea kupima?* Kama alikosea, basi yeye ndiye aliyemuua yule mama. Na sahihi yake ilikuwa pale pale ukutani.

"Andika tu ripoti ukiwa hapa ofisini," Gordon alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. "Kwenda ya nini?"

"Nataka kupima mwenyewe."

"Haya, nenda. Lakini usichimbechimbe. Na ukikuta hiyo shaba imeibiwa usishangae. Andika wameiba wiki hii, baada ya mambo kutokea. Watu wa huko ni wezi wa shaba."

Akello aliyaandika maneno hayo kwenye daftari, kwa kuwa aliandika kila kitu. Njiani yalianza kumwasha. Gordon hakuwa amefika Kowiti tangu Januari. Kwa nini alitaja wizi kabla ya mtu yeyote kutaja wizi?

Langoni alikaa mlinzi juu ya jerikeni, koti la mvua magotini. Mzee wa miaka hamsini hivi, macho mekundu.

"Habari ya jioni, Mzee."

"Mzuri." Aliutazama mkoba, si uso. "Wewe ni wa shaba."

"Ndiyo, nimetoka Mamboleo, mimi naitwa—"

"Najua. Jina lako liko kwa ukuta. Siku tisa nalisoma."

Akello aliushusha mkoba begani. Mzee akainuka polepole.

"Mimi ni Walter Wandera. Maximilla alikuwa bibi yangu."

Akello alisema pole, mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Walter alitikisa kichwa kama anayefukuza inzi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kupima waya. Nijue kama kosa lilikuwa... nijue kosa lilikuwa la nani."

"Leo hugusi kitu. Hakuna mtu amegusa kitu hapo tangu ile siku. Hata sufuria iko vile aliwacha."

"Dakika kumi tu, Mzee."

"Radi ikipiga mahali, inaacha ukucha kwa udongo. Kama haujatolewa, mwenye kugusa, radi inamjua. Mzee Mukhwana anakuja kuutoa saa hii. Ametoka mbali, ametoka Bunyala. Akimaliza, wewe pima mpaka uchoke."

"Na kama mimi siamini hayo mambo?"

"Si useme hivyo ukiwa ndani ya jiko," Walter akasema. "Twende tuone."

Hakuingia. Alisimama kizingitini tu, na Akello akasimama nyuma yake.

Jiko lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo. Sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, ilikuwa bado juu ya mafiga, juu yake utando wa kijani. Aproni ya buluu ilining'inia kwenye msumari. Harufu ya maharagwe yaliyochacha ilimpiga usoni. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kali, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

Hiyo ni harufu ya hewa iliyopigwa na umeme. Haikai hata saa moja.

Akello alinusa tena.

Ilikuwepo.

Alikumbuka Januari. Maximilla alimletea chai ya maziwa katika kikombe cha plastiki, akaegemea ukuta huu huu. "Injinia mdogo," alimwita hivyo, na hakuna mwingine aliyepata kumwita hivyo, "sasa hiyo kitu inajuaje pa kuanguka?"

Akello alimweleza. Kwamba ndani ya wingu kuna vipande vya barafu vinavyosuguana, vyepesi vikipanda na umeme wa namna moja, vizito vikibaki chini na wa namna nyingine. Kwamba radi nyingi hazishuki kabisa, hutembeleana huko huko mawinguni. Ila mara moja moja umeme huanza kushuka, hatua kwa hatua, mita hamsini, unasimama, mita hamsini tena, kama mtu anayepapasa gizani. Na unapokaribia, kila kitu kirefu huku chini, mti, paa, kichwa cha mtu, huinua kijinyuzi cha moto kwenda kuupokea. Kijinyuzi kitakachoushika kwanza, hapo ndipo radi inapopita.

Maximilla alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kumbe ni huku chini ndiko kunaitika! Kumbe mtu asipoitika, hapigwi!"

Walicheka wote wawili.

Mzee Mukhwana alifika saa kumi na mbili na dakika kumi. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti la suti na viatu vya mpira, jembe lake limefungwa kwenye gunia. Akello alimkagua kwa jicho la mtu anayejua bei ya shaba kwa kilo. Gunia. Jembe. Mtu anayeitwa kila radi inapopiga, aachwe peke yake na udongo. Wazo likamjia lote kwa mpigo mmoja, na likampa karibu furaha: *huyu ndiye mwizi.* Anachimba "ukucha", anaondoka na fimbo.

"Mtageuka mtazame ziwa," Mukhwana aliwaambia. Sauti yake ilikuwa kavu, ya kazi. "Hakuna kuangalia nyuma mpaka niseme umetoka. Na mtaitwa. Kila mmoja ataitwa na mtu anayemjua. Msiitike."

"Kwa nini tusitazame?" Akello akauliza.

"Mama, mimi nimefanya hii kazi miaka thelathini na sijawahi kuangalia. Wewe unataka kuanza leo?"

Walter alimshika kiwiko, akamgeuza. Wakasimama bega kwa bega, nyuso zao kwa ziwa. Jua lilikuwa limebaki ukanda mmoja mwembamba juu ya maji.

Jembe lilianza.

*Chwa... chwa... chwa...*

Akello alisikiliza kama anavyosikiliza mita. Udongo laini, kwanza. Kisha changarawe. Kisha...

*Ting.*

Shaba. Aliijua sauti hiyo kama anavyojua sauti ya mlango wa chumba chake. Akatabasamu. *Nimekupata.*

Ndipo upepo ukasimama. Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja, kana kwamba mtu amewafunika kwa sufuria.

"Baba Becky," sauti ikasema nyuma yao.

Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka kidogo, mwenye mikono iliyojaa kazi.

"Baba Becky, niletee maji. Hii jagi imeisha."

Becky alikuwa binti wa Walter na Maximilla. Hivyo ndivyo Walter alivyoitwa nyumbani kila siku ya ndoa yake. Mdomo wake ulifunguka. Kisha yule mzee akaushika ukosi wa koti la mvua, akaujaza mdomoni, akauuma. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na sauti haikutoka.

*Chwa... chwa...* Jembe halikuwa limesimama.

"Injinia mdogo."

Nywele za shingoni zilimsimama Akello, kisha za mikononi, kisha za kichwani chote. Alijua maana yake. Kitabu kilisema: nywele zikisimama, ardhi iliyo chini yako imeanza kuinua mkono.

"Injinia mdogo, njoo uone."

Akauma ulimi. Lakini hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kukihakiki. Huo ndio ugonjwa wake. Simu ilikuwa mkononi, imezimwa mwanga, kioo chake cheusi kama maji ya kisima. Akaiinua taratibu mpaka usawa wa bega, akaiinamisha.

Ndani ya kioo aliona ukuta wa jiko. Aliona mlango. Alimwona Mzee Mukhwana.

Mzee Mukhwana alikuwa amesimama kando, uso wake kwa ukuta, mikono imeziba masikio. Jembe lake lilikuwa chini, bado limefungwa kwenye gunia.

*Chwa... chwa... chwa...*

Akello aliitazama sehemu ile iliyobaki ya kioo, pale chini ya kibati chenye jina lake. Mtu alikuwa ameinama. Mgongo mpana. Kamba za aproni zimefungwa kiunoni. Alikuwa ameshika kitu kirefu, chembamba, kinachong'aa, na hakuwa akikitoa ardhini.

Alikuwa akikirudisha.

Akello aliibana simu kifuani, akafumba macho.

Ilichukua muda gani, hakuweza kusema, yeye aliyejua dakika za kila kitu. Vyura walirudi mmoja mmoja. Mukhwana akasema, "Umetoka," lakini aliisema kama swali. Walipogeuka, alikuwa ameshabeba gunia lake na anaelekea langoni karibu akikimbia.

"Mzee, ngoja chakula!" Walter akamwita. "Kuku imepikwa!"

"Sikutoa kitu," Mukhwana akasema bila kusimama. "Mniwie radhi. Leo si mimi niliyechimba."

Msumari wa jikoni ulikuwa mtupu.

Mikono ya Akello ilipima kwa sababu ilizoea kupima. Ilipigilia vigingi, ikabana waya, ikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka kwenye mita.

Omu tatu nukta nane.

Si tatu nukta saba. Si nne. Namba ile ile ya Januari, ingawa ardhi ya Aprili ina maji na ilipaswa kusoma chini zaidi. Akapiga magoti, akaufukua udongo kwa vidole mpaka kichwa cha fimbo kikatokea, akamulika kwa simu. 17. Alama tatu za tupa.

"Iko sawa?" Walter akauliza juu yake. Sauti yake ilikuwa na kitu kinachosubiri. "Kama iko sawa, bibi yangu alikufa na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kama fimbo ilikuwa hapa siku zote, sahihi ilikuwa ya kweli na kinga ilikuwa ya uongo. Akello alisugua fimbo kwa kidole gumba, akakiinua kidole kwenye mwanga.

Kilikuwa chekundu.

Udongo wa Kowiti ni mweusi, wenye mchanga wa ziwa. Huu ulikuwa mwekundu kama matofali, mbichi, umenata kwenye zile alama tatu. Fimbo hii haikuwa hapa siku tisa zilizopita. Ilikuwa imelala kwenye udongo mwekundu mahali fulani, na imerudi leo.

Alimpigia Gordon.

"Umemaliza?" Gordon akasema. "Wameiba, siyo?"

"Iko hapa. Nambari kumi na saba iko hapa."

"Haiwezi kuwa hapo," Gordon akasema.

"Mbona haiwezi?"

Kisha simu ikakatwa.

Akello alibaki amepiga magoti. Mambo yalijipanga yenyewe, kwa utulivu wa kutisha. Gordon alisubiri apime na atie sahihi. Kisha akaing'oa fimbo, akaiuza kama mpya. Waya ukabaki unaishia hewani chini ya ardhi. Radi ilipokuja haikuwa na njia, ikaruka kutoka ukutani hadi kwenye kitu cha karibu, na cha karibu kilikuwa mwanamke na mfuniko wa sufuria. Na udongo mwekundu? Wateja wao wote walikuwa ukanda wa ziwa, isipokuwa mmoja. Shule ya wasichana ya bweni, kilimani juu ya Sondu. Februari. Alifika huko kila kitu kikiwa kimeshafukiwa. Hakuikagua fimbo. Alibana mita kwenye waya, akasoma, akatia sahihi.

Akainua macho. Juu ya vilima vya Sondu mawingu yaliwaka, yakazima, yakawaka.

Kule kilimani sasa hakukuwa na fimbo.

Ilimbidi ampigie mwalimu mkuu wa huko, na ilimbidi aseme neno ambalo hakutaka mtu yeyote alisikie. Alisikia simu ikiita mara sita. Angeweza kukata. Angeweza kupiga kesho, na maneno yaliyopangwa vizuri.

"Mwalimu Naswa hapa."

"Madam, ni Akello wa kinga ya radi. Wasichana wako wapi?"

"Jengo la juu, wanasoma. Kuna nini? Huku mvua inakuja vibaya."

"Watoe. Wapeleke bwaloni, kule chini, sasa hivi. Sahihi yangu ni ya uongo, madam. Hilo jengo halina kinga. Nilitia sahihi bila kutazama."

Mwalimu Naswa hakuuliza mara mbili. Akello alisikia kengele, viti, miguu mingi, sauti za wasichana wakilalamika kwamba watalowa. Alihesabu dakika kwenye saa. Saba. Nane. Dakika ya kumi na moja upande wa vilima ukawa mweupe wote, na simuni ukatokea mlio kama shuka inayochanwa.

"Madam? Madam!"

"Tuko wote," Mwalimu Naswa akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshikilia meza. "Paa la jengo la juu limefunguka. Tuko wote bwaloni. Mungu wangu." Kisha akasema, "Lakini sielewi. Mbona hukuniambia wakati ule ulipomtuma yule mama?"

"Mama gani?"

"Wa aproni ya buluu. Alikuja kabla ya saa kumi na mbili, akaomba jembe. Alisema ametumwa na injinia. Nikamwonyesha pale waya unapoingia."

Kutoka Sondu hadi Kowiti ni mwendo wa saa nzima kwa gari.

Gordon alikamatwa wiki hiyo. Alikubali haraka, kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani: ndiyo, aling'oa ile fimbo moja, akaiuza Sondu. Kilichomshinda ni swali la pili. "Kurudisha?" aliwauliza wapelelezi. "Shaba? Nani hurudisha shaba?" Walipokwenda Kowiti kuichukua fimbo kama ushahidi, Walter alikaa juu ya pale mahali na jerikeni lake, akakataa kuondoka. "Ameirudisha mwenyewe," aliwaambia. "Mkiichukua ataifuata tena. Mnataka afike kwenu?" Wapelelezi waliandika kitu, wakarudi mjini. Bila fimbo, Gordon akaachiliwa kwa dhamana.

Akello alipoteza kazi na leseni, akaridhika. Aliishi chumba kimoja kwenye mteremko nyuma ya soko la Kibuye, dirisha lake likitazama Mamboleo. Alijua umbali kwa kuwa aliupima kwenye ramani: kutoka dirisha hilo hadi nyumba ya Gordon huko Mamboleo, kilomita nne. Sauti huchukua sekunde tatu kwa kila kilomita. Hakujua kwa nini aliipiga hesabu hiyo.

Jioni ya kwanza ya mvua kubwa ya Mei, simu yake iliita.

"Akello." Gordon alikuwa akinong'ona. "Akello, kuna mtu anachimba nje ya nyumba yangu."

Akello alisogea dirishani.

"Sina shaba hapa. Nimeuza yote. Nawaambia watu sina shaba." Nyuma ya mnong'ono wake ilisikika wazi kabisa, *chwa... chwa...* "Mmenizoea, siyo? Wewe na yule mlinzi. Mnanifanyia mchezo."

"Mimi niko Kibuye," Akello akasema.

"Usinidanganye. Nakusikia. Uko hapo nje unaniita." Akavuta pumzi. "Ni sauti yako, Akello. Unaniita kwa sauti yako."

*Chwa... chwa...*

*Ting.*

Neno lilikuwa moja tu, na Akello alilijua. *Usiitike.* Lilikuwa ulimini, limeiva, lina herufi nane. Alikuwa na muda wa kutosha kulisema, mara mbili hata. Akaona sufuria yenye utando wa kijani. Akaona jina lake kwenye kibati. Akamwona mzee na ukosi wa koti la mvua mdomoni.

Pumzi moja. Hiyo tu ndiyo aliyochelewa.

"Niko!" Gordon akapaza sauti, si kwenye simu. "Niko hapa! Unataka nini?"

Dirisha likawa jeupe.

Akello alianza kuhesabu. Hakujizuia, hakujua namna ya kujizuia. Moja. Mbili. Tatu. Vikombe vilikuwa kimya juu ya kabati. Saba. Nane. *Labda ni kwingine. Labda ni Kajulu, ni mlimani tu.* Kumi. Kumi na moja.

Kumi na mbili.

Ngurumo ilitikisa kitanda.

Simu haikuwa imekatika. Aliitazama. Sekunde ziliendelea kusonga kwenye kioo, moja baada ya nyingine, na ng'ambo ya pili jembe lilikuwa limesimama. Mtu alikuwa akipumua. Pumzi za mtu aliyemaliza kazi ngumu, anayejifuta mikono.

"Injinia mdogo," ikasema ile sauti, taratibu, kama inayoleta chai.

Akello alibana midomo. Nywele za mikono yake zilikuwa zimesimama zote.

"Injinia mdogo... uko?"